Baina ya Mita na Breka: Kipande cha Waya Kisicho na Mlinzi

Umeme unaoingia katika nyumba ya kawaida Tanzania Bara hupita katika milki mbili, na mpaka wa milki hizo ni mita. Nguzo, waya unaoshuka kutoka nguzoni, na mita ya LUKU pamoja na lakiri zake ni mali ya Shirika la Umeme Tanzania, yaani TANESCO, ilhali kila kitu kinachoanzia pale umeme unapotoka katika mita ni mali ya mwenye nyumba, ambaye anatakiwa kukijenga kwa mkono wa fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA. Kitu cha kwanza katika milki hii ya pili si taa wala soketi, bali ni waya mnene unaotoka kwenye mita hadi kwenye sanduku la breka, ambalo hupokea umeme wote wa nyumba na kuugawa katika njia ndogo za taa, za soketi, za jiko na za pampu ya maji. Kwa kuwa shirika huona kwamba kazi yake imeishia kwenye lakiri, na mwenye nyumba huona kwamba umeme wake unaanzia kwenye swichi anayoweza kuishika, kipande hiki hubaki bila mtu wa kukiangalia, ingawa ndicho peke yake kinachobeba mzigo wote wa nyumba kwa wakati mmoja.

Urefu wa kipande hiki haukuwa sawa nyakati zote. Katika enzi ya mita za kisahani, ambazo msomaji alizipitia kila mwezi na kuandika tarakimu zake, mita ilikaa ukutani, mara nyingi barazani au ndani kabisa, na sanduku la swichi kuu likawekwa kando yake au chini yake, hata waya wa kuunganisha viwili hivyo haukuzidi urefu wa mkono. Mita za mwanzo za LUKU, ambazo mteja huingiza tarakimu 20 za tokeni kwa vidole vyake, zilihitaji kuwa mahali anapofikia, kwa hiyo nazo zilibaki karibu na nyumba. Mabadiliko makubwa yalikuja na mita zilizogawanywa sehemu mbili, ambapo chombo kinachopima na kukata umeme hufungwa juu ya nguzo au katika sanduku la pamoja nje ya uzio, naye mteja hubaki na kifaa kidogo cha kuingizia tokeni ndani ya nyumba, kinachowasiliana na mita kwa mawimbi ya redio au kupitia waya uleule wa umeme. Sababu ya shirika la umeme kupenda mpangilio huu inaeleweka, kwa kuwa mita iliyo juu ya nguzo ni vigumu kuchezewa, lakini matokeo yake ni kwamba mpaka wa milki umehama kutoka ukutani hadi nguzoni, na waya uliokuwa wa shirika sasa umo upande wa mteja. Sentimita hamsini zimegeuka kuwa mita ishirini au thelathini, nazo hupita juu ya bati, chini ya ua au kando ya mti wa mwembe.

Kuna sababu ya pili ya kipande hiki kurefuka, nayo ni gharama. Gharama za kuunganishiwa umeme hupangwa kwa kutazama umbali kutoka kwenye nguzo, na mteja aliye ndani ya mita 30 hahitaji nguzo mpya, wakati aliye mbali zaidi huongezewa gharama ya nguzo moja au mbili. Mwenye kiwanja kirefu hushawishika kuweka mita kwenye kibanda kilicho karibu na barabara, kisha akauvuta umeme mwenyewe hadi kwenye nyumba kubwa iliyoko nyuma. Hesabu hiyo huonekana nzuri siku ya malipo ya kuunganishiwa. Ubaya wake huonekana baadaye, kwa sababu umeme unaopotea kabla ya mita ni hasara ya shirika, lakini unaopotea baada ya mita tayari umehesabiwa na kulipiwa.

Upotevu huo hutegemea unene wa waya, jambo ambalo mara nyingi huamuliwa dukani kwa kutazama bei. Maswali mawili tofauti hupaswa kujibiwa hapa. La kwanza ni la joto: je, waya unaweza kubeba mkondo wa juu kabisa wa nyumba bila ngozi yake ya plastiki kulainika? La pili ni la msukumo: je, umeme utafika kwenye breka ukiwa na volti za kutosha? Kwa umbali mfupi swali la kwanza ndilo linaloamua, na kwa umbali mrefu ni la pili, hivyo waya unaofaa kabisa kwa mita iliyo ukutani unaweza usifae kwa mita iliyo nguzoni, hata kama nyumba ni ileile na vyombo ni vilevile. Waya wa shaba wa milimita mraba 10 hupoteza takribani milivolti 4.4 kwa kila ampia katika kila mita ya urefu, ikihesabiwa safari ya kwenda na kurudi. Nyumba inayovuta ampia 40 kwa umbali wa mita 30 itapoteza basi volti 5.3 kati ya volti 230, sawa na asilimia 2.3, kiasi kinachovumilika. Fundi akitumia waya wa milimita mraba 4 kwa umbali na mzigo huohuo, upotevu hufika volti 13, na takribani wati 530 zitakuwa zinapasha moto waya muda wote mzigo huo unapoendelea, sawa na kuacha pasi ndogo ikiwaka uani. Kanuni za Uingereza za uwekaji umeme, BS 7671, ambazo mtindo wake ndio uliorithiwa na sehemu kubwa ya ufundi wa umeme Afrika Mashariki, hushauri upotevu wote, kutoka chanzo cha umeme wa nyumba hadi kwenye kifaa cha mwisho, usizidi asilimia 3 kwa taa na asilimia 5 kwa matumizi mengine. Waya mwembamba kati ya mita na breka unaweza kuimaliza bajeti hiyo yote kabla umeme haujaingia chumba chochote.

Suala zito zaidi, hata hivyo, ni la ulinzi, na hapa ndipo dhana moja iliyozoeleka inapohitaji kukanushwa. Kwa kuwa mita ya LUKU hukata umeme uniti zinapokwisha, na nyingine hukata pia mzigo unapozidi, watu wengi huamini kwamba mita ni breka. Swichi iliyo ndani ya mita ni kifaa cha mauzo. Imetengenezwa kuunganisha na kutenganisha mzigo wa kawaida, wala haikuundwa kuwa mlinzi wa waya unaotoka katika mita dhidi ya shoti, yaani hali ya waya wa moto kugusana na nyutro na mkondo kupanda ghafla hadi mamia au maelfu ya ampia. Breka zilizo katika sanduku la nyumba nazo haziwezi kusaidia, kwa sababu breka hulinda waya ulio mbele yake, si ulio nyuma yake. Shoti ikitokea uani, katikati ya mita na sanduku, mkondo hautapita kabisa katika breka za nyumba, na kilichobaki kuukata ni fyuzi au breka ya shirika iliyo upande wa nguzo, ambayo iliteuliwa kwa ajili ya kulinda mtandao.

Ni kwa sababu hiyo kanuni nyingi duniani hutazama urefu wa kipande hiki kwa makini. BS 7671 huruhusu kifaa cha kulinda dhidi ya shoti kisogezwe mbele ya mwanzo wa waya ikiwa umbali hauzidi mita 3, na kwa sharti kwamba waya huo umepitishwa kwa namna inayopunguza uwezekano wa shoti na hauko karibu na vitu vinavyoweza kushika moto. Kanuni za Marekani hutaka swichi ya kukatia umeme wote iwe nje au ndani karibu kabisa na pale waya unapoingilia nyumbani, na toleo lake la 2020 liliongeza sharti kwamba nyumba za familia moja au mbili ziwe na kikatio cha dharura kinachofikika kwa nje, ili zimamoto wasilazimike kuingia ndani kutafuta swichi. Wazo lililo chini ya masharti yote hayo ni moja: waya usiolindwa uwe mfupi, na waya mrefu uwe na mlinzi mwanzoni mwake. Likitafsiriwa katika hali ya Dar es Salaam au Mwanza, wazo hilo lina maana kwamba mita iliyo nguzoni au katika kibanda cha mbele haina budi kufuatiwa papo hapo na sanduku dogo lisilopitisha maji, lenye breka ya njia mbili inayokata waya wa moto na nyutro kwa pamoja, kabla kebo haijaanza safari yake kuelekea nyumbani. Gharama ya sanduku hilo ni ndogo kuliko gharama ya kebo yenyewe, na ni ajabu kwamba ndilo linaloachwa mara nyingi zaidi.

Breka hiyo, pamoja na umuhimu wake, haioni kila hatari. Waya uliolegea kwenye temino, yaani sehemu ya shaba yenye skrubu inayoubana, haupandishi mkondo. Pengine huupunguza kidogo. Lakini ikiwa ukinzani wa mahali pale umefika ohmu 0.05 tu, mkondo wa ampia 40 utazalisha joto la wati 80 katika nafasi isiyozidi upana wa kidole, na joto hilo litaendelea kukausha plastiki, kulegeza skrubu zaidi na kuongeza ukinzani, hadi harufu ya kuungua isikike au moto utokee. Hatari huongezeka pale waya wa alumini, ambao hupendwa kwa laini za kutoka nguzoni kwa wepesi na unafuu wake, unapokutana na shaba. Alumini hujifunika haraka na tabaka gumu lisilopitisha umeme vizuri, husinyaa polepole chini ya mkazo wa skrubu, na ikigusana na shaba mahali penye unyevu huliwa na kutu. Katika maeneo ya mwambao, Tanga, Bagamoyo au Unguja, ambako hewa imebeba chumvi, maungio ya namna hiyo yaliyosokotwa kwa mkono na kufungwa utepe hayawezi kutarajiwa kudumu. Viungio vilivyotengenezwa kwa ajili ya metali mbili vipo, navyo hupaswa kutumiwa.

Kosa jingine la kwenye temino hutokana na mpangilio wa mita zenyewe. Katika mita zinazofuata desturi ya Uingereza, temino nne hupangwa kwa utaratibu wa fezi (waya wa moto) inayoingia, nyutro inayoingia, nyutro inayotoka, fezi inayotoka. Zile zinazofuata desturi ya Ujerumani huanza na fezi mbili, inayoingia na inayotoka, kisha nyutro mbili. Mtu aliyezoea utaratibu wa kwanza akiunganisha mita ya aina ya pili bila kusoma mchoro uliochorwa kwenye kifuniko, ataweka nyutro mahali pa fezi inayotoka, na shoti itapita ndani ya mita yenyewe.

Nyutro, waya unaorudisha mkondo, hudharauliwa kwa sababu kwa kawaida haupigi mtu. Dharau hiyo ina gharama kubwa katika nyumba zenye umeme wa njia tatu, ambako fezi tatu hushirikiana nyutro moja. Nyutro ikikatika kati ya mita na breka, vyombo vya fezi tofauti hubaki vimeungana kwa mfululizo kati ya fezi na fezi, yaani chini ya volti 400, na mgawanyo wa volti hizo huenda kinyume na mtu anavyoweza kudhani: chombo kidogo ndicho kinachopata volti nyingi. Ikiwa fezi moja ina birika la wati 2000 na nyingine ina taa na televisheni za jumla ya wati 100, birika litabaki na takribani volti 20, na televisheni itapokea karibu volti 380. Hakuna breka ya kawaida itakayokatika, kwa kuwa mkondo ni mdogo. Hivyo, katika kipande hiki nyutro haifai kupunguzwa unene, kuungwa njiani, wala kupitishwa katika swichi inayoweza kuikata peke yake.

Katika nyumba za kupanga nyutro huleta mgogoro wa namna nyingine. Mita nyingi za kisasa hulinganisha mkondo unaokwenda kwenye fezi na unaorudi kwenye nyutro, ili kugundua wizi, na breka ya kuvuja umeme hufanya ulinganisho huohuo kwa sababu ya usalama. Nyutro za vyumba viwili vyenye mita mbili zikiunganishwa mahali pamoja baada ya mita, pengine kwa sababu fundi aliona nyutro zote ni sawa, sehemu ya mkondo wa chumba kimoja itarudi kupitia mita ya chumba cha pili, nazo breka zitaanza kukatika pasipo sababu inayoonekana. Kila mita inapaswa kuwa na nyutro yake peke yake hadi mwisho wa safari.

Waya wa ardhini, ambao mafundi huuita ethi, una sheria tofauti kabisa, na ndio unaoleta mkanganyiko mkubwa zaidi pale vielelezo vya nchi moja vinapohamishiwa nchi nyingine. Nchini Marekani nyutro na waya wa ardhini huunganishwa kwa makusudi katika sanduku la kwanza baada ya mita, na mahali hapo tu, kisha hutenganishwa katika masanduku yote yanayofuata. Mpangilio ulioenea katika nyumba za Afrika Mashariki ni mwingine: laini ya nguzoni huleta fezi na nyutro peke yake, na mwenye nyumba huchimbia fimbo ya shaba au ya chuma kilichopakwa shaba katika kiwanja chake, ambayo huunganishwa na vyuma vya vyombo vyote. Katika mpangilio huu kuunganisha nyutro na ardhi ndani ya sanduku la nyumba ni kosa la hatari, kwa maana nyutro ya mtaa ikikatika nguzoni, mkondo utatafuta njia ya kurudi kupitia fimbo ya nyumba hiyo, na majokofu, mabomba na mageti ya chuma yatakuwa na umeme ilhali breka zote ziko sawa.

Upungufu wa fimbo ya ardhini ni kwamba udongo si shaba. Ikiwa ukinzani wa njia nzima ya ardhini ni ohmu 50, jambo la kawaida kabisa, waya wa moto unaogusa bati la jiko utapeleka ardhini ampia 4.6 tu, mkondo usioweza kukata hata breka ya ampia 6, lakini unaokula takribani kilowati moja saa zote na kumfanya mwenye nyumba ajiulize uniti zake zinakwenda wapi. Ndiyo sababu breka ya kuvuja umeme, inayokata mkondo unaopotea ukifika miliampia 30, ni sharti la msingi katika mpangilio huu. Desturi ya kumwaga mkaa na chumvi kwenye shimo la fimbo hushusha ukinzani kwa muda, ila mvua huiosha chumvi na chumvi hula fimbo. Kuchimbia fimbo ndefu zaidi, au ya pili mbali kidogo na ya kwanza, ni tiba ya kudumu zaidi.

Hata hivyo breka hiyo ya miliampia 30, kwa kuwa huwekwa katika sanduku la nyumba, huiacha nje ileile kebo ya uani. Kebo iliyozikwa ikichunwa na jembe au kutafunwa na panya, umeme unaweza kuvuja ardhini miezi kadhaa bila chochote kukatika. Suluhisho linalofahamika ni kuweka breka ya pili ya kuvuja umeme mwanzoni mwa kebo, karibu na mita, iliyopangwa kukata kwa miliampia 100 au 300 na kwa kuchelewa kidogo, ili hitilafu ya jikoni ikatwe na breka ya ndani kwanza na nyumba nzima isiingie gizani. Kanuni hiyohiyo ya kupokezana hutumika pale nyumba inapokuwa na masanduku mawili au matatu, kwa mfano nyumba kubwa, banda la uani na duka la mbele: kila sanduku hupaswa kuanza na breka iliyo ndogo kuliko ile iliyo kwenye chanzo cha kebo yake, na kila kebo kuteuliwa kwa kutazama breka inayoitangulia. Kuweka breka kubwa kwa sababu ile ndogo hukatika mara kwa mara, bila kubadili waya, ni kuondoa mlinzi kwa kosa la kufanya kazi yake.

Jenereta na betri zenye inveta, ambazo misimu ya mgawo wa umeme imezieneza, nazo huingilia katika kipande hiki. Swichi ya kubadilishia chanzo huwekwa baada ya mita na kabla ya sanduku la breka, na inapaswa kukata fezi na nyutro za upande mmoja kabla ya kuunga za upande wa pili. Jenereta iliyochomekwa kwenye soketi bila swichi hiyo hurudisha umeme nyuma hadi nguzoni, ambako transfoma huupandisha kuwa maelfu ya volti, na fundi wa laini anayeamini kwamba laini imezimwa ndiye atakayeupata.

Udhibiti wa haya yote huegemea zaidi kwenye karatasi. Fundi mwenye leseni hujaza fomu na kuigonga muhuri, na nyaya hupimwa kwa kipimo cha volti 500 kinachoonyesha kama ngozi ya waya inazuia umeme, ambapo chini ya megaohmu 1 huhesabika kuwa hitilafu. Kipimo hicho huhusu nyaya za ndani kama zilivyokuwa siku hiyo, na nyumba za Kitanzania hazimaliziki siku moja. Mfano wa wazi ni kifaa cha UMETA, yaani Umeme Tayari, kilichosambazwa chini ya miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini kwa kaya zisizo na uwezo wa kugharimia utandazaji wa nyaya: ubao mdogo uliokwisha kuunganishwa ndani yake breka, soketi na taa, unaofaa nyumba ya chumba kimoja au viwili. Siku unapofungwa, sanduku la breka na matumizi viko mahali pamoja, na ufundi wote umefanyika kiwandani, kiasi kwamba nyumba ya udongo huweza kuwa na mfumo nadhifu kuliko ghorofa la mjini. Shida huanza miaka michache baadaye, kaya inapopata jokofu, chumba cha pili cha kupangisha na mashine ya kunyoa nywele, na kila kimoja kikavutiwa waya kutoka kwenye ubao uleule, kwa kuwa gharama ya shilingi 27,000 iliyotangazwa kwa vijiji ilihusu kumfikishia mtu umeme mara moja, na hakuna fomu inayomrudisha mkaguzi nyumba inapokua.